Mgeni wa Bi Kazija

Ng'ambo, Ijumaa, baada ya Alasiri

Mwanangu Pandu,

Watu huanza barua kwa kusema hali yangu njema, wasiwasi ni juu yako uliye mbali. Wewe hujawa mbali bado. Umekwenda kuwaaga wenzako, na sanduku lako liko hapa, ndilo nililolifanya meza ninapoandika. Na hali yangu si njema. Nina hasira tangu juzi, na sijui nusu yake nimpe nani, wewe au mimi.

Utauliza kwa nini nikuandikie na huku tunalala nyumba moja. Nikisema nawe husikii. Si kwamba unanijibu vibaya, laiti ungenijibu. Unasema, "Naam, mama," unainamisha kichwa, unangoja nimalize, unashukuru, unatoka. Karatasi haiitikiwi naam. Na kwa kuwa nimeandika kwa herufi za Kiarabu, kama nilivyofunzwa chuo cha Kurani Makunduchi, hutaweza kuipitia mbio mbio kama unavyozipitia zile za skuli.

Habari za nguo za baridi na dawa ya homa mkeo Time ameshakwambia. Sizirudii. Mimi nataka habari ya juzi.

Juzi ulirudi na ramani ya Tanganyika ukaitandika juu ya mkeka, ukaziwekea pembe zake vikombe zisijikunje, ukatuita sote. Mwanao Asha akapanda juu yake kwa miguu yake michafu, ukamnyanyua ukampakata, ukaanza kutuonyesha kwa kidole. Hapa milima ya Usambara, Wazungu huenda kubadilisha hewa, huota moto mchana kwa baridi. Hapa mlima wenye theluji. Hapa mbuga, simba wanalala njiani mpaka gari lisimame. Hapa ziwa, ukisimama ukingoni huoni upande wa pili. Tanga hii, Bagamoyo hii. Na hiki kidoa baharini, ukasema, ndiyo Unguja yetu, na safari zao wageni humalizikia hapa, siku mbili tatu za kutembea mjini na kuogelea kabla ya kurudi kwao. Ukasema kampuni inakutaka uendeshe gari na uwaeleze nchi. "Mama, mimi n'taiona Tanganyika yote, pembe kwa pembe."

Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyowaringia majirani. Ndipo Time alipouliza, kwa mzaha tu, "Na sisi utatuchukua lini kwenda kuota huo moto?"

Ukacheka. "Nyinyi? N'shawaambia sina mke wala mtoto. Wanataka mtu asiye na watu nyuma yake."

Time alikusanya vikombe akaenda navyo uani. Mimi nikakupayukia, "Mwanamme gani anayemkana mwanawe?" Nawe kwa mara ya kwanza tangu uwe mtu mzima hukusema naam. Uliniangalia sana, Asha bado umempakata, ukasema polepole, "Mama, mimi n'lifunzwa na nani?"

Jawabu unalijua. Lakini unaijua hadithi hiyo kwa upande wa kizingitini ulikokuwa umekaa wewe. Upande wa ndani ya gari hujawahi kuambiwa, na nakwambia leo kwa sababu kesho ndani ya gari utakaa wewe.

Baba yako alikufa ukiwa unatambaa. Mwanamke mmoja wa hapa mtaani akanipeleka Shangani kwa familia ya Kizungu iliyokuwa ikitafuta yaya. Memsahib hakuniuliza kama najua kupika uji wala kama nina maradhi ya kifua. Aliniuliza kama nina mtoto, maana yaya aliyetangulia kila wiki mwanawe alikuwa mgonjwa. Yule mwanamke akanikanyaga mguu. Nikasema sina.

Nilidhani nitalibeba neno hilo mwezi mmoja au miwili, wakishanizoea nitasema kweli. Wewe nawe ndivyo unavyodhani, nimekuona usoni. Lakini kusema huna mtoto si kitu unachokisema mara moja ukapumzika. Ilibidi usionekane mjini ukinifuata, kwa hivyo nikakupeleka Makunduchi kwa bibi yako, Bi Kazija. Watu wakiniuliza mwanao yuko wapi nasema yuko shamba kwa bibi yake, anakunywa maziwa na kula samaki wabichi. Maneno mazuri sana hayo, hakuna aliyewahi kuyalaumu.

Halafu nikaanza kwenda kubadilisha hewa. Ndivyo walivyosema wenzangu wa Ng'ambo, Mize kaenda kubadilisha hewa, na wengine walinihusudu. Joto likizidi mjini familia inahamia Chwaka, kwenye zile nyumba za upepo zinazotazama ghuba. Mwaka mwingine Mangapwani. Mwaka mwingine Kiwengwa, wiki nzima, kwa sababu mtu aliwaambia mchanga wake mweupe. Nimeiona Unguja hii, mwanangu, kuliko mwanamke yeyote wa rika langu, na nikikueleza nilivyoiona utacheka. Najua kuwa kisima cha Chwaka kina chumvi, sabuni haitoi povu, nguo za mtoto hubaki ngumu hata ukizisuuza mara ngapi. Mangapwani miti inaziba jua, nguo za asubuhi hukutwa na magharibi bado zina maji. Kiwengwa nguo zinakauka upesi mno ila upepo unazijaza mchanga, na mtoto akivalishwa hulia. Jua likichomoza upande wa Kiwengwa wageni hutoka kulitazama. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nimelipa mgongo, nakung'uta. Waliporudi mjini walisimulia bahari. Ningesimulia mimi, ningesimulia maji ya visima.

Kwa hivyo usinambie utaiona Tanganyika yote. Utaijua barabara yake na mashimo yake, na pahala pa kupata maji ya kutia kwenye injini. Huenda hilo nalo ni kuona. Lakini usidanganyike kwamba unaiona kama wanavyoiona wao.

Sikwambii kwamba watakutesa. Ningeteswa mimi ningetoka. Kilichonishika ni kupendwa. Tomi, mtoto wao, alijua Kiswahili kabla ya Kizungu, na Kiswahili chenyewe cha kwangu mimi, na vicheko vyangu. Akianguka mbele ya mamake alinikimbilia mimi. Huwezi kukimbiliwa na mtoto namna ile usimpende, na mimi nilimpenda, tena sikujizuia, kwa sababu alikuwa karibu na mkono na wewe ulikuwa mbali. Wahenga walisema kivuli cha mvumo, ule mti mrefu, hufunika walio mbali. Mimi ndio nilikuwa mvumo huo, na wewe ulikuwa chini ya mti kwenye jua.

Sasa nije siku yenyewe.

Familia ilisikia habari za sherehe za Mwaka wa Makunduchi ikataka kwenda kutazama. Bibi yako akapata habari, akamtuma mtu mjini aniulize, mabwana zako watakula wapi? Nami nikamjibu kwa kiburi cha mtu wa mjini, watakula kwako, mama.

Wewe umekulia kule, unajua jambo hilo lina uzito gani. Wanaume wakishapigana kwa vigogo vya migomba, na banda la makuti likishachomwa na ugomvi wa mwaka mzima ukiungulia humo, kila nyumba lazima ile na mgeni. Asiye na mgeni husimama njiani akamshika mkono mpita njia yeyote. Nyumba iliyokosa mgeni siku ya Mwaka imeuanza mwaka kwa mguu mbaya, na watu wataisema. Na bibi yako, kwa neno langu, alikuwa ameshawatangazia jirani wote kwamba wageni wake watakuja kwa gari.

Nilikusudia kumwambia memsahib. Kila siku nilisema kesho. Lakini kumwambia tukale kwa mama yangu ni kumpeleka mlangoni ambako wewe umekaa. Njia nyingine ilikuwa nimtumie bibi yako ujumbe wa pili, amwambie Pandu akacheze kwa jirani mpaka wageni waondoke. Ujumbe huo niliufikiria usiku na mchana nikashindwa kuutuma. Sikuweza kumwambia mamangu amfiche mwanangu. Ndilo jambo pekee la heshima nililolifanya mwaka ule, na ndilo lililoharibu kila kitu, maana sikukuficha wala sikukutambulisha, niliacha tu siku ije.

Siku ikaja. Tulipokata kona ya msikiti niliiona nyumba. Mkeka mpya wa rangi umetandikwa barazani, sinia limefunikwa kawa, na bibi yako amesimama na kanga ambazo hazijawahi kufuliwa. Wewe ulivaa kanzu nyeupe. Uliliona gari kabla yake, ukaruka chini ukalikimbilia, ukaenda nalo sambamba upande wangu, vumbi lote usoni, unaita mama, mama. Bwana akaongeza mwendo kidogo asije akakugonga.

Tomi alikuwa mapajani mwangu. Akasema, "Yaya, yule mtoto anakwita wewe?"

Nikasema, "Hapana. Watoto wa shamba humwita kila mwanamke mama."

Tomi akamfasiria mamake. Memsahib akageuka nyuma, akatabasamu, akasema ni desturi nzuri sana. Aliipenda mno. Miaka iliyofuata kila alipokuwa na wageni barazani Shangani aliwasimulia, jinsi huko shamba kila mtoto anavyomwita kila mwanamke mama, na mimi nikipitisha chai aliniambia, si kweli, yaya? Nami nikasema, kweli, memsahib. Sikumbuki nimelisema mara ngapi.

Walikula pwani, mikate yao na mayai waliyokuja nayo kwenye kikapu. Mimi nilimlisha Tomi. Harufu ya pweza wa nazi ilikuwa inatoka kila nyumba.

Yaliyobaki niliyapata kwa bibi yako baadaye, alinieleza bila kupandisha sauti. Kwamba alisimama mpaka wapita njia wote wameshachukuliwa na jirani. Kwamba watu walipita wakamwuliza, wageni wa gari wako wapi, Bi Kazija, akasema wako njiani. Kwamba jua lilipokaribia kuzama alikuita, akakukalisha katikati ya mkeka, akakunawisha mikono mwenyewe, akafunua sinia, akakwambia, "Karibu, mgeni wangu."

Ukamwambia, "Bibi, mi si mgeni."

Akasema, "Leo u mgeni, baba. Kula."

Alikuwa hana njia nyingine ya kuiokoa nyumba yake, simlaumu. Aliniambia ulikula kidogo kidogo ukakaa kitako kama mtu mzima, na ulipomaliza ulisema ahsante. Nakumbuka alisitasita kwenye hilo la ahsante kabla ya kulitamka.

Familia ile iliondoka. Bwana alipewa kazi nchi nyingine, na siku ya kusafiri Tomi alining'ang'ania bandarini mpaka wakambandua, na mimi nililia njia nzima kutoka Forodhani hadi Darajani. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, watu walinionea huruma wakisema hivyo, na mwana mwenyewe hakuwa wangu. Waliniachia picha, ile iliyoko ukutani, mimi na Tomi Chwaka kwenye ngazi. Waliandika mara moja. Picha yako ya utotoni mimi sina. Asha aliniuliza mwezi uliopita, "Bibi, huyu ndiye baba alipokuwa mdogo?" Nikasema siye, nikaondoka nisije nikaulizwa ni nani.

Nikakuchukua Makunduchi nikakuleta hapa, nikafikiri sasa nina mwanangu. Nilikuwa nina mgeni. Hukuwahi kugombana nami. Hukuwahi kufungua kabati bila ya kuuliza. Siku ile niliyosahau kabisa kutia chumvi kwenye mchuzi, Time mwenyewe alikunja uso, wewe ulisema umekaa vizuri, mama, ahsante. Majirani wanakusifu kwa adabu, na mimi nawajibu nimepata mtoto mtulivu, alhamdulillahi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi miaka yote hii nakupa sinia, naogopa kukupa jembe, nikikutuma unakwenda kama mtu anayelipa fadhila. Nina uchungu na hilo, Pandu. Nakuonea uchungu na nakukasirikia pia, maana ulikuwa mtoto kwa miaka michache tu, na sasa ni mwanamme mwenye ndevu, na bado unalala kwangu kama msafiri. Ungenitukana siku moja tukamaliza. Juzi tu ndiyo ulinijibu, na jawabu lenyewe uliliweka likaiva mpaka uweze kunipiga nalo ukiwa umempakata mwanao.

Basi nimepigwa. Sasa nisikilize.

Huko uendako watakupenda. Wewe una sura ya kupendeka na Kizungu chako kizuri. Watakuuliza jioni, kwenye moto wa milimani, kama una mke, na watacheka ukisema bado unatafuta, na watakuahidi kukutafutia. Utawachekesha. Utarudia wiki ya pili kwa wageni wengine, na mzaha utakuwa umekaa mahala pake, na baada ya mwaka hautakuwa uongo tena, utakuwa sehemu ya kazi, kama kofia. Mtu asidhani anaweza kuusema kila siku mdomoni na moyoni akabaki na mwanawe vilevile. Mimi ilifika siku Makunduchi nilikuja kukutazama nikakuta nimesahau umri wako. Nilihesabu kwa vidole kwanza kabla ya kumwambia bibi yako kanzu ishonwe urefu gani.

Na ulisema mwenyewe safari zao humalizikia Unguja. Utashuka nao bandarini na hiyo kofia yako. Utawatembeza vichochoroni, utawaonyesha milango ya nakshi, utawapeleka Darajani waone soko. Asha wakati huo atakuwa ameshaanza kutumwa Darajani kununua ndimu. Wewe unamjua mwanao, hana haya, na macho yake makali. Atakuona kabla hujamwona. Ataacha ndimu zimwagike na atakuja mbio kati ya miguu ya watu anaita baba, na wageni wako wote watageuka, na mmoja wao atakuuliza, yule mtoto anakuita wewe?

Nakuuliza utasema nini, na nataka ulijue jawabu kabla hujapanda meli. Ukifika pale bila jawabu, litatoka lile la karibu na mdomo. Mimi nalijua jinsi linavyotoka. Halina hata uzito, ni jepesi kama kusema mvua itanyesha, na mtoto bado anakimbia.

Sikukatazi safari. Gari unaliweza, nchi kubwa, nenda ukaione hata kama ni kwa kioo cha mbele. Nakutaka jambo moja. Ukifika ofisini kwao kesho kutwa, kabla hawajakukabidhi ufunguo, waambie una mke anaitwa Time na una mtoto anaitwa Asha, wapo Ng'ambo kwa mama yako. Useme siku ya kwanza, maana ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, na mimi sikuifikia ya tatu. Huenda watacheka wakakuajiri vilevile. Huenda watakwambia wamepata mtu mwingine.

Wakikwambia hivyo, rudi. Najua utaona aibu, umeshaagwa na mtaa mzima na nguo za baridi zimeshonwa. Rudi na aibu yako na sanduku lako. Majirani nitajua cha kuwaambia, hilo nina ujuzi nalo.

Na ukirudi, iwe kwa kufukuzwa ama kwa kuchoka ama kwa likizo, sitakutandikia mkeka. Sitakupakulia kwenye sinia wala sitakwambia karibu. Ingia bila hodi, pita moja kwa moja jikoni, ufunue chungu kabla chakula hakijaiva, uonje kwa kidole, na uniambie mbele ya mkeo na mwanao kwamba chumvi imepungua.

Mamako,
Mize